Dai la Cabo Delgado na Damu ya Xitaxi

Tarehe 7 Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vijana 52 waliuawa na wapiganaji ambao wenyeji huwaita mashababi. Kwa maelezo ya polisi wa Msumbiji, vijana hao walitakiwa wajiunge na kundi, wakakataa, na kwa kukataa huko wakapigwa risasi au kukatwa vichwa. Wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 23 Machi, kundi hilohilo lilikuwa limeuingia mji wa Mocímboa da Praia, likachoma majengo ya serikali, likapora, kisha likagawa sehemu ya chakula na fedha kwa wakazi, na taarifa zilizotoka mjini zilieleza kwamba wapo waliolishangilia. Katika video zilizosambaa siku hizo, wapiganaji walisema kwamba serikali inawadhalilisha maskini na kuwanufaisha wakubwa. Anayejiuliza kama dhuluma inaweza kuhalalisha ugaidi anapaswa kuyaweka matukio haya mawili mezani kwa wakati mmoja, maana waliogawa chakula Mocímboa da Praia kwa jina la maskini ndio waliowaua maskini wa Muidumbe kabla mwezi haujapita.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mjadala huu huharibika mapema. Wapo wanaodhani kwamba ukitaja tu malalamiko ya watu wa pwani, ya Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya au ya wavuvi wa Palma, tayari umemtetea gaidi. Wapo pia ambao hawawezi kulaani mauaji mpaka wamalize orodha ndefu ya makosa ya serikali na mataifa makubwa, na wakifika mwisho wa orodha laana yenyewe imeshapoa. Msimamo ninaoutetea hapa ni kwamba malalamiko ya Cabo Delgado ni ya kweli, ni mazito, yanastahili kusikilizwa hadi mwisho, na hakuna hata moja kati yake linaloweza kuhalalisha yaliyofanyika Xitaxi. Sababu yangu kuu ni kwamba kila dai lina mdai na lina mdaiwa, na ugaidi ni kwenda kulikusanya deni kwa mtu asiyedaiwa, tena mara nyingi kwa mtu ambaye naye anadai.

Malalamiko yenyewe yasipite juujuu. Mwaka 2009 madini ya rubi yaligunduliwa Namanhumbir, wilayani Montepuez. Ardhi ambayo wanavijiji waliilima na kuichimba kwa sururu ikaingia ndani ya leseni ya kampuni ambayo asilimia 75 ya hisa zake ni za Gemfields ya Uingereza, na zilizobaki ni za kampuni ya ndani yenye uhusiano na jenerali mstaafu wa vita vya ukombozi. Wachimbaji wadogo walifukuzwa mara kwa mara, na mwanzoni mwa 2017 vyombo vya dola viliendesha operesheni kubwa iliyowaondoa maelfu ya watu, wakiwamo Watanzania wengi waliorudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa London na watu wa eneo hilo, waliodai kwamba walinzi na askari waliua, walipiga na kudhalilisha watu kingono kuzunguka mgodi. Kampuni ililipa bila kukiri kwamba inawajibika kisheria.

Gesi asilia iligunduliwa katika bahari ya bonde la Ruvuma mwaka 2010. Mradi wa rasi ya Afungi, wilayani Palma, ambao sasa unaongozwa na TotalEnergies ya Ufaransa, ulikadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 20. Familia zilizoishi kwa kuvua na kulima zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, na tangu mwanzo lilikuwapo lalamiko kwamba bahari imekuwa mbali, mashamba ya fidia hayajapatikana na ajira nzuri zinakwenda kwa watu wa kusini mwa nchi na wageni. Wakati huohuo, huko Maputo, viongozi walikuwa wamekopa kwa siri zaidi ya dola bilioni 2 kwa ajili ya kampuni za uvuvi na ulinzi wa bahari, kwa matumaini kwamba fedha za gesi zingekuja kulipa. Siri ilipofichuka mwaka 2016, wafadhili walisimamisha misaada, sarafu ikaporomoka, na aliyelipa gharama hiyo ni mwananchi ambaye hakuwahi kuiona hata senti ya mkopo wenyewe.

Chini ya hayo kuna donda la muda mrefu zaidi. Wamwani wa pwani, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili na ambao wengi wao ni Waislamu, wameona kwa miongo mingi kwamba vyeo, pensheni za wapigania uhuru na upendeleo wa chama tawala, FRELIMO, vimewaendea zaidi Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda, ambako ndiko nguvu ya chama hicho ilikomaa. Kijana wa Kimwani aliyezaliwa katika mkoa ulio miongoni mwa maskini zaidi nchini, asiye na shule ya maana wala leseni ya kuchimba, halafu akaona magari ya kampuni yakipita kila siku mbele ya kibanda chao, hahitaji kitabu kumwambia kwamba ananyimwa kitu.

Vita vilipoanza, askari waliongeza malalamiko mapya juu ya yale ya zamani. Septemba 2020 ilisambaa video ya wanaume waliovaa sare za jeshi wakimpiga na kumuua kwa risasi mwanamke aliyekuwa uchi barabarani, karibu na Awasse. Serikali iliikana, lakini Amnesty International iliichunguza na kueleza kwamba waliohusika walikuwa wanajeshi wa Msumbiji. Ripoti ya shirika hilo ya Machi 2021 iliwatuhumu kwa ukiukaji mkubwa wapiganaji wa kundi, wanajeshi wa serikali na kampuni ya mamluki iliyokodiwa kuwasaidia. Utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, uliotolewa mwaka 2017 baada ya kuwahoji waliowahi kujiunga na makundi ya aina hii barani Afrika, ulionyesha kwamba asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walitaja kitendo cha serikali, hasa kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma kuchukua hatua ya mwisho. Kiongozi yeyote anayetuma askari bila nidhamu katika kijiji cha wavuvi anapaswa kuisoma takwimu hiyo kabla hajatia saini.

Mtu akiyasikia haya yote kwa mfululizo, huanza kuona kwamba kuelewa kunateleza na kuwa kuhalalisha, kana kwamba ukishajua kwa nini jambo limetokea, umelikubali. Lakini takwimu ya UNDP inasema kitu kimoja tu, kwamba mtu aliyeuawa nduguye anaweza kusukumwa kushika silaha. Haisemi kwamba kijana wa Xitaxi alipaswa kufa. Ili dhuluma ihalalishe kuuawa kwa mtu fulani, lazima itufikishe kwa mtu huyo, ionyeshe alichofanya, anachoshikilia, au hatari anayoileta ambayo haiwezi kuzuiwa kwa njia nyingine. Mfuate kijana wa Xitaxi kwa njia hiyo. Hakuwa na hisa katika mgodi wa Montepuez, hakutia saini mkopo wa Maputo, hakuhamisha familia yoyote kutoka Afungi, na kosa lake pekee lililotajwa ni kukataa kuua wengine. Hata ukizijumlisha dhuluma zote za mkoa ule, zikawa mara kumi ya zilivyo, bado hazipiti mlangoni kwake.

Hili halikuwa tukio moja la kupotoka. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi lilianza kwa kushambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, na mtu angeweza kusema kwamba wanapambana na dola. Kufikia Mei 2018, katika kijiji cha Monjane wilayani Palma, walikuwa wakiwakata vichwa wanavijiji. Mwaka 2021 Human Rights Watch iliripoti kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 600 walikuwa wametekwa, wengine wakaozwa kwa nguvu kwa wapiganaji, wengine wakauzwa. Julai 2025 makumi ya maelfu walikimbia makazi yao wilayani Chiúre, wilaya ya wakulima iliyoko kusini mwa mkoa, mbali kabisa na mitambo ya gesi. Wengi wa waliouawa na kukimbia tangu 2017 ni Waislamu, Wamwani, Wamakua na Wamakonde wa hali ya chini, yaani watu walewale ambao malalamiko yao yanatajwa kuwa ndiyo chanzo cha vita.

Kuna hoja moja nzito dhidi ya msimamo huu, nayo imetoka katika mkoa huohuo. Mapambano ya silaha ya FRELIMO dhidi ya wakoloni wa Kireno yalianza Cabo Delgado, kwa shambulio la Chai tarehe 25 Septemba 1964. Miaka minne kabla yake, tarehe 16 Juni 1960, wanajeshi wa Kireno walikuwa wameufyatulia risasi umati wa watu Mueda waliokwenda kudai haki zao, na idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo. Ureno iliwaita wapiganaji wa FRELIMO magaidi. Sisi Tanzania tuliwapa makao, mafunzo na jukwaa, na hatujawahi kujutia. Kwa nini basi dhuluma ya Mueda ihalalishe bunduki za Chai, na dhuluma ya Montepuez isihalalishe za leo? Je, hatusemi tu kwamba aliyeshinda ni mpigania uhuru na asiyeshinda ni gaidi?

Hoja hii haiwezi kujibiwa kwa kusema kwamba vurugu zote ni mbaya, na binafsi siamini kwamba vurugu zote ni mbaya. Jibu limo katika namna vita vile vilivyopigwa. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, alishikilia kwamba adui wa FRELIMO ni mfumo wa kikoloni na jeshi lake, na kwamba mkulima au mfanyabiashara wa Kireno hauawi kwa sababu ya Ureno wake. Msimamo huo haukuwa rahisi kuulinda. Ndani ya chama walikuwapo waliotaka mapambano dhidi ya Mzungu kama Mzungu, mvutano ukawa mkali, na Mondlane mwenyewe aliuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Sidai kwamba wapiganaji wa FRELIMO hawakuwahi kumdhuru raia. Ninachosema ni kwamba walikuwa na kanuni iliyomtenganisha askari na mtoto, kwa hiyo kila walipoivunja tunaweza kusema kwamba wamevunja kanuni yao wenyewe. Kwa mashababi wa leo, Xitaxi haikuvunja kanuni yoyote, kwa sababu kuwatisha watu wasio na silaha ndiyo kazi yenyewe.

Afrika Kusini inalionyesha hili kwa uwazi zaidi, kwa sababu huko swali lilifikishwa mbele ya chombo rasmi. Nelson Mandela, katika kesi ya Rivonia mwaka 1964, alieleza mahakama kwamba walipoamua kuachana na mapambano ya amani walizipima njia za hujuma, vita vya msituni, ugaidi na mapinduzi ya wazi, wakachagua hujuma kwa sababu haikulenga kuua watu na iliacha nafasi ya watu wa rangi zote kuishi pamoja baadaye. Mwaka 1980 ANC, chama cha Mandela, ilitangaza kwamba itafuata Mikataba ya Geneva. Hata hivyo tarehe 20 Mei 1983 bomu la Church Street, Pretoria, lililolenga makao makuu ya jeshi la anga, liliua watu 19, wakiwamo raia. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka, Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu ilisema katika ripoti yake ya 1998 kwamba mapambano dhidi ya ubaguzi yalikuwa ya haki, na kwamba ANC ilifanya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu katika baadhi ya vitendo vyake. ANC, chama kilichokuwa tayari madarakani, kilikwenda mahakamani kujaribu kuzuia sehemu zilizokihusu zisichapishwe, kikashindwa. Ninaiona hukumu hiyo kuwa mojawapo ya kazi za kiadili zilizo bora zaidi kufanywa barani kwetu. Hapakuwa na dhuluma kubwa kuliko ubaguzi wa rangi, na hata hiyo haikutosha kuifuta damu ya raia aliyepita Church Street jioni ile.

Wakenya wana Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, katika eneo hilo la Kenya ya kati, wapiganaji wa Mau Mau walichoma nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali ya kikoloni na kuua zaidi ya watu 70, wengi wao wanawake na watoto. Nyuma ya Lari kulikuwa na dhuluma ya ardhi iliyo wazi kabisa, ya watu wa Tigoni walioondolewa ili kuwapisha walowezi na kuhamishiwa Lari, na ya chifu aliyeukubali mpango huo. Baada ya mauaji, askari wa serikali na walinzi wa vijiji walilipiza kisasi kwa kuua watu wengine wengi bila kesi. Mtu anaweza kuamini kwa dhati, kama ninavyoamini, kwamba Waingereza hawakuwa na haki ya kuitawala Kenya na kwamba waliwatesa watu makambini kwa ukatili ambao wao wenyewe walikuja kuulipia fidia mwaka 2013, na papo hapo akasema kwamba kumfungia mtoto ndani ya nyumba na kuiwasha moto hakukuwa sehemu ya haki ya Wakenya ya kujitawala.

Viongozi wa Afrika waliliandika jambo hili kisheria. Julai 1999, mjini Algiers, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha Mkataba wa Kuzuia na Kupambana na Ugaidi, chini ya mwaka mmoja baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam kuua watu zaidi ya 200. Ibara ya tatu inaanza kwa kusema kwamba mapambano ya watu ya kujikomboa na kujiamulia mambo yao, kwa kufuata misingi ya sheria ya kimataifa, hayahesabiwi kuwa ugaidi. Kisha inaongeza kwamba sababu za kisiasa, kifalsafa, kiitikadi, kirangi, kikabila, kidini au nyinginezo haziwezi kuwa utetezi unaokubalika kwa kitendo cha kigaidi. Huwa nasikia watu wakidai kwamba mtazamo huu ni wa Magharibi uliopandikizwa kwetu baada ya Septemba 2001. Ulikuwapo kabla ya Septemba 2001, ukaandikwa na serikali ambazo nyingine ziliingia madarakani kwa mtutu wa bunduki, na waandishi wake walijua vizuri kwamba ibara moja inahitaji pande zote mbili.

Hoja nyingine inayosikika mara nyingi ni ya unyonge, kwamba mwenye ndege hupiga kwa ndege, na asiye na kitu hupiga anapoweza. Kuna ukweli ndani yake kuhusu ulimwengu ulivyo, lakini haijibu swali. Uhaba wa njia unaweza kumpa mtu ruhusa ya kumshambulia anayemshambulia kwa silaha duni na kwa kuvizia, lakini haumpi haki juu ya uhai wa jirani ambaye ni mnyonge kama yeye. Tena si kweli kwamba njia nyingine hazikuwapo kabisa. Kesi ya London ilikuwa ya polepole, fedha zake hazikurudisha waliokufa, na si kila mnyonge atampata wakili atakayeikubali. Hata hivyo iliwalazimisha wenye mgodi kukaa mezani na waliodai kuumizwa, jambo ambalo hakuna shambulio la mashababi lililowahi kulifanya.

Mtwara nayo inapaswa kutajwa hapa, kwa kuwa ni ng'ambo ya pili ya mto Ruvuma, upande wa Tanzania, yenye watu wa makabila yaleyale na lalamiko linalofanana. Januari na Mei 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana kwa kauli ya "gesi haitoki", wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Kulikuwa na uchomaji wa mali, jeshi likaletwa, watu wakafa, na bomba likajengwa. Kwa maoni yangu serikali yetu haikulishughulikia jambo lile kwa heshima iliyostahili. Lakini wananchi wa Mtwara, pamoja na hasira yao, hawakugeuka kuwachinja majirani. Wapo Watanzania waliovuka Ruvuma na kujiunga na kundi, nasi hatuna haki ya kujifanya kwamba tatizo hili ni la Msumbiji peke yake, ila wao ni wachache waliochagua, miongoni mwa umati uliopata uchungu huohuo ukachagua vingine. Mwaka 2020, Oktoba, wapiganaji kutoka upande wa Msumbiji walivuka mto na kuua wanakijiji wa Kitaya, mkoani Mtwara. Ningependa mtetezi wa nadharia ya unyonge anieleze watu wa Kitaya walikuwa wakidaiwa nini.

Kuna pia swali la kama malalamiko haya ndiyo hasa wanayoyapigania. Kabla ya 2017 wazee wa misikiti ya pwani ya Cabo Delgado walikwisha kulalamika kwa mamlaka juu ya vijana walioingia msikitini na viatu, waliojenga misikiti yao ya kando, na waliowakataza watoto kwenda shule za serikali. Vijana hao hawakusema habari za mrabaha wa gesi. Walikuwa wakiwakana wazee wao wenyewe. Kuanzia 2019 kundi la Dola ya Kiislamu likaanza kutangaza mashambulizi hayo kuwa yake. Dhuluma iliwapa vijana wa kuandikisha, lakini jamii wanayotaka kuijenga haina mahali ambapo mvuvi wa Quitunda ataulizwa anataka nini.

Na hapa ndipo ugaidi unapomdhulumu mdai kwa mara ya pili. Baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, TotalEnergies iliwaondoa watu wake na kusimamisha mradi. Waliotarajia ajira walizikosa, waliodai fidia waliambiwa wasubiri amani, na wakati fulani waliokimbia makazi mkoani walikaribia milioni moja. Anayeuliza habari za ardhi yake leo anasikilizwa kama mshukiwa. Siku ileile ya mauaji ya Xitaxi, tarehe 7 Aprili 2020, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, Ibraimo Mbaruco, alimtumia mwenzake ujumbe kwamba amezingirwa na wanajeshi, na hajaonekana tena. Kazi yake ilikuwa kupaza sauti ya watu wa Palma. Vijana waliokataa kutumiwa na kundi na mtu aliyekuwa akisema kwa niaba ya wananchi walipotea katika siku moja, kwa mikono ya pande mbili zinazodai kuwalinda.

Kwa sababu hiyo kipimo ninachokitumia kwa mashababi nakitumia pia kwa dola, bila kupunguza. Kama dhuluma ya Montepuez haihalalishi kumuua kijana wa Xitaxi, basi Xitaxi haihalalishi kumuua mwanamke wa Awasse. Serikali ya Msumbiji, kwa miaka ya mwanzo, iliwaita wapiganaji wahalifu wa kawaida, kisha ikasisitiza kwamba hili ni shambulio kutoka nje. Majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC yalipofika mwaka 2021, Mocímboa da Praia ilirudishwa mwezi Agosti, na hilo lilikuwa jema kwa wakazi wake. Lakini kukataa kujadili ardhi, leseni na ajira kwa hoja kwamba kufanya hivyo ni kumzawadia gaidi ni kukubali madai makubwa zaidi ya gaidi, kwamba malalamiko yale ni mali yake. Ni ya mwanamke wa Quitunda anayesubiri shamba. Angestahili kujibiwa hata kama asingekuwapo mpiganaji hata mmoja kati ya Pemba na Ruvuma, na alistahili kujibiwa kabla ya 2017.

Mahali pekee ambapo naona malalamiko yanaweza kumsaidia aliyeshika silaha ni baada ya kuiweka chini. Katika kundi lile wamo wavulana waliotekwa vijijini na kufunzwa kuua kabla hawajajua maana ya mkataba wa gesi, wamo wasichana waliofanywa wake, na wamo vijana waliofuata ahadi ya mkopo wa biashara ndogo. Mahakama inayomhukumu mmoja wao itakuwa inafanya kazi yake vizuri ikiuliza alikuwa na umri gani, alichukuliwaje, nani aliuawa nyumbani kwake na kwa risasi za nani, na majibu hayo yakapunguza adhabu au hata kumrudisha kwao. Lakini maswali hayo ayaulize hakimu, mbele ya watu wa Muidumbe wakiwa na nafasi ya kusema, na kijana mwenyewe awe amekwisha kutaja alichofanya na waliokifanyiwa.